Data Imetoka Busia, Msemaji Ametoka Wapi?

Soko la Bumala, kaunti ya Busia, halitofautiani sana na masoko mengine ya Magharibi mwa Kenya. Nyanya zimepangwa kwa mafungu, mitumba imetandazwa kwenye turubai, omena, dagaa wa ziwani, inapimwa kwa gorogoro. Lakini wapo maprofesa na wanafunzi wa uchumi ng'ambo wanaolitaja jina la Bumala bila kuwahi kulikanyaga. Mwaka 2013 wanauchumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walichapisha utafiti walioufanyia hapo: wachuuzi wa kike waliofunguliwa akaunti za akiba katika benki ndogo ya kijijini waliweka pesa na kuongeza mtaji wa biashara zao, ingawa akaunti hizo hazikuwa na riba na kutoa pesa kulikuwa na ada. Somo hilo la wamama wa Bumala limefundishwa kwingi.

Na Bumala haiko peke yake. Katikati ya miaka ya 1990 mwanauchumi Michael Kremer na wenzake walianza majaribio yao katika shule za Magharibi mwa Kenya. Utafiti wa dawa za minyoo alioandika na Edward Miguel, uliochapishwa mwaka 2004, ulihusu shule 75 za Busia zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Huko Siaya, utafiti wa ruzuku za pesa taslimu uliochapishwa mwaka 2022 ulifuatilia vijiji 653, na zaidi ya kaya 10,500 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja. Mwaka 2019 Kremer alipotunukiwa Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, tangazo la tuzo liliyataja majaribio yale ya shule za Magharibi mwa Kenya. Ni vigumu kupata eneo jingine barani Afrika ambalo wanauchumi wamelichunguza kwa kina hivyo.

Sina kinyongo na tafiti hizo. Zimewafaa watoto wetu. Ila kila dodoso lilibebwa na mtu: kijana aliyeamka saa kumi na moja alfajiri Kakamega au Ugunja, akapanda bodaboda, akamalizia njia kwa miguu, akaketi kwenye kigoda chini ya mwembe na kumuuliza mama wa watu maswali ya saa nzima kuhusu mahindi, mikopo na watoto aliowazika. Wengi wa vijana hao wana shahada, na wasichana miongoni mwao si wachache. Wanajua ni swali lipi litakalomfanya mhojiwa atazame kando. Wanajua ni lini "sina" maana yake ni "sitakuambia wewe". Kisha data inapakiwa kwenye seva, mradi unafungwa, na miaka miwili baadaye matokeo yanawasilishwa katika ukumbi wa mbali na mtu mwingine kabisa.

Nimefundisha uchumi hapa Kisumu kwa miaka kadhaa, na swali ninaloulizwa zaidi na wasichana wanaomaliza uzamili ni hili: "Daktari, nitatokaje hapa kwenye kukusanya data nifike pale?" Pale ni jukwaani. Nitajaribu kulijibu kwa kirefu, maana jibu la mkato la "jitahidi tu" halijamsaidia mtu.

Dakika ishirini za kongamano

Kwanza tueleweshane kongamano ni kitu gani. Wengi hulichukulia kama sherehe: begi lenye nembo, chai ya saa nne, picha ya pamoja. Kwa mtafiti, kongamano ni karakana. Miezi kadhaa kabla, waandalizi hutoa wito wa makala. Unatuma ikisiri, yaani muhtasari wa maneno mia mbili au tatu unaosema swali lako ni lipi, data yako imetoka wapi, umeichambuaje na umegundua nini. Kamati inachuja. Ukipita, unapewa dakika kumi na tano au ishirini, pengine na mjadili, yaani mtu aliyepewa makala yako mapema aisome na kuikosoa mbele ya wote. Halafu ukumbi unauliza.

Thamani iko kwenye hayo maswali. Makala inayopelekwa moja kwa moja kwenye jarida hukutana na wahakiki wasiojulikana, ambao wakiikataa huwezi kuwajibu. Makala iliyopitia kongamano imeshaambiwa udhaifu wake na watu unaowaona usoni: kwamba wauza samaki uliowahoji si sawa na wale waliokataa kuhojiwa, kwamba mvua ya mwaka ule ilipandisha bei ya kila kitu, kwamba mwenzako wa Mwanza ameshajibu nusu ya swali lako. Unarudi nyumbani na ukurasa mzima wa marekebisho. Kuna faida nyingine ambayo haionekani siku hiyo: jina lako linafungamanishwa na swali. Siku mtu wa wizara au wa shirika atakapouliza ni nani anayejua habari za mikopo ya wauza omena, mmoja wa waliokaa safu ya tatu atasema, "Kuna dada mmoja kutoka Kisumu." Kazi, mradi wa pamoja, barua ya mapendekezo, vyote hupitia hapo.

Kwa hiyo anayekosa jukwaa anakosa marekebisho pamoja na wanaomfahamu, na anayekosa vyote viwili kwa miaka minne mfululizo anaacha utafiti. Huacha bila kutangaza. Utasikia tu amefungua duka la vifaa vya shule, au amepata kazi ya uhasibu kwenye sacco. Kazi hizo ni za heshima, lakini swali alilokuwa nalo limepotea naye.

Na maswali hutegemea nani anauliza. Mkenya Tavneet Suri, anayefundisha chuo cha MIT kule Marekani, alishirikiana na mwanauchumi mwenzake William Jack kuchunguza M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu iliyoanza mwaka 2007. Mwaka 2016 walichapisha kwamba huduma hiyo iliziondoa takriban kaya 194,000 katika umaskini, na kwamba wanawake wapatao 185,000 waliacha kutegemea kilimo wakaingia katika biashara kama kazi yao kuu. Nambari ya pili isingepatikana kama hakuna aliyefikiria kuwatazama wanawake peke yao. Kando ya Ziwa Victoria kuna maswali ambayo mwanamume akimuuliza mchuuzi wa samaki, hata awe msomi kiasi gani, atajibiwa kwa tabasamu tu. Uhusiano wa jaboya, ambapo mchuuzi hulazimika kulala na mvuvi ili auziwe samaki, ni mojawapo.

Ukumbi nao ulipimwa

Nimeshamtaja Pascaline Dupas wa Bumala. Ndiye pia aliyeshirikiana na Jessica Cohen katika utafiti maarufu wa vyandarua Magharibi mwa Kenya, uliolinganisha kuvigawa bure na kuviuza kwa bei nafuu katika kliniki za wajawazito. Baada ya kupima mengi kwetu, yeye na wenzake waliamua kupima nyumba yao wenyewe. Mwaka 2019 wanauchumi waliopewa mafunzo maalumu waliketi katika semina za uchumi, hasa Marekani, mamia ya mawasilisho, wakaandika kila swali lililoulizwa: limeulizwa lini, na nani, kwa sauti gani.

Walichokikuta ni kwamba mwanamke anayewasilisha huulizwa maswali takriban asilimia 12 zaidi ya mwanamume, na maswali yake yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa ya kudharau au ya uhasama. Mtu atasema maswali mengi ni ishara ya kuvutiwa. Lakini wanauchumi wana desturi ya kumkatiza msemaji katikati ya sentensi, na dakika ni zilezile. Kila swali la ziada linakula slaidi moja. Mwenzake wa kiume anafika kwenye matokeo, yeye anabaki akitetea slaidi ya pili. Ukumbi ukitoka, watu wanasema, "Hakumaliza vizuri."

Nimeliona hilo kwa macho yangu, na karibu sana na hapa. Katika kikao kimoja ambacho sitakitaja, msichana aliyekuwa na jedwali safi la matokeo aliulizwa swali la kwanza kabla hajataja jina la kaunti aliyofanyia kazi: "Hii takwimu ulifanyiwa na nani?" Aliifanya mwenyewe, siku kumi na nne, kwenye kompyuta yenye betri mbovu. Lakini alivyoshtuka, akajibu kwa sauti ndogo kana kwamba amekamatwa.

Jasho la pamoja nalo lina hesabu yake. Mwanauchumi Heather Sarsons alichunguza wanauchumi wenzake wa vyuo vikuu vya Marekani waliokuwa wakisubiri kuthibitishwa kazini kwa kudumu. Makala mtu aliyoandika peke yake humsaidia mwanamke sawa na mwanamume. Makala ya pamoja ndiyo yenye shida: mwanamume hupewa sifa karibu kamili, mwanamke hupewa pungufu, hasa akiandika na wanaume. Watu hudhani wazo lilikuwa la mwenzake. Sasa fikiria hali ya kwetu, ambapo kazi ya kwanza ya msichana huwa chini ya mradi wa mtu mkubwa, na akibahatika jina lake linakuwa la tano, asipobahatika linakuwa kwenye shukrani. Ndiyo maana huwa nasisitiza aliyeandika na wakubwa awe yeye wa kuiwasilisha angalau mara moja. Watu wakimwona mtu akijibu maswali magumu kuhusu kazi fulani, ni vigumu kwao kumwambia baadaye kwamba kazi ile haikuwa yake.

Nisieleweke vibaya. Wavulana chipukizi wa vyuo vya Maseno, Egerton au Masinde Muliro nao hawana nauli, nao hutetemeka. Mengi nitakayopendekeza yatawafaa pia. Ila wao hawaanzi na mzigo huu wa ziada, na mzigo usiotajwa hautuliwi.

Msimamizi, mlezi, na yule anayekutaja usipokuwepo

Neno linalotumika sana siku hizi ni ulezi, yaani mkubwa wa taaluma kumshika mkono aliye nyuma yake. Tatizo ni kwamba tunachanganya kazi tatu tofauti, kisha tunashangaa kwa nini msichana mwenye "walezi" wanne bado amekwama.

Msimamizi ni yule uliyepewa na chuo. Kazi yake ni kuhakikisha tasnifu yako inapita. Akisaini, amemaliza. Mlezi ni mtu anayejali utakuwa nani baada ya tasnifu: atakuambia makala hii igawanywe, hili jarida ni la kitapeli linalotaka pesa zako tu, ile kazi ya ushauri itakumalizia mwaka mzima bila kukupa hata aya moja ya kuchapisha. Wa tatu hana jina lililozoeleka kwa Kiswahili, nami humwita mdhamini. Huyu huweka jina lake rehani kwa ajili yako. Kwenye kamati ambayo huijui, wakitafuta msemaji, anasema, "Mwiteni fulani." Wasichana wetu wengi wana msimamizi, baadhi wana mlezi, na wachache sana wana mdhamini. Wanaume hupata wadhamini hata bila kutafuta, mara nyingine kwenye meza ya nyama choma baada ya kikao, saa ambayo mama mwenye mtoto mchanga ameshaondoka.

Je, ulezi unafanya kazi kweli, au ni maneno matamu tu? Wanauchumi wana njia yao ya kujibu swali kama hilo, na safari hii waliitumia kwao wenyewe. Ndani ya Chama cha Wanauchumi wa Marekani kuna kamati ya kufuatilia hali ya wanawake katika taaluma hiyo, CSWEP, iliyoundwa mwaka 1971. Mwaka 2004 ilianzisha warsha ya ulezi iitwayo CeMENT kwa wahadhiri wa kike walio mwanzoni. Waombaji walizidi nafasi, kwa hiyo waliopata na waliokosa waliamuliwa kwa bahati nasibu, kwa mantiki ileile ya kulinganisha shule za Busia zilizotangulia kupewa dawa na zile zilizosubiri. Hapo ndipo ulinganisho wa haki ulipopatikana.

Warsha yenyewe ilikuwa ya siku mbili. Wahadhiri waliwekwa kwenye vikundi vidogo kulingana na fani, kila kikundi na wakubwa wake, na kila mmoja alileta makala yake ikasomwa na kikundi kizima. Miaka mitano baadaye, waliopata nafasi katika kundi la 2004 walikuwa na wastani wa machapisho matatu zaidi ya wenzao waliokosa, walikuwa wamepata ruzuku nyingi zaidi za utafiti, na uwezekano wa kuchapisha katika jarida la daraja la juu ulikuwa umeongezeka kwa pointi 25 za asilimia. Ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wengi zaidi walibaki katika taaluma na kuthibitishwa kazini katika vyuo vikubwa.

Siku mbili tu! Kila nikifikiria matokeo hayo najiuliza ni nini hasa kilichofanya kazi. Mimi naamini ni kwamba kikundi hakikuvunjika. Waliendelea kuandikiana, kusomeana rasimu, kuambiana wito umetoka wapi. Pia walezi wao hawakuwa mabosi wao, kwa hiyo mtu aliweza kukiri kwamba haelewi kitu bila kuogopa kunyimwa darasa muhula ujao.

Marekani si Kisumu, najua. Mhadhiri wetu wa muda anayelipwa kwa kila somo, tena kwa kuchelewa, hana hata ofisi ya kusomea rasimu ya mwenzake. Lakini muundo wenyewe si mgeni kwetu. Muungano wa Utafiti wa Uchumi Afrika, AERC, wenye makao yake Nairobi tangu mwaka 1988, umekuwa ukikutanisha watafiti wa bara hili mara mbili kwa mwaka. Mtafiti huja kwanza na pendekezo, likakosolewa, akarudi na kazi iliyo njiani, ikakosolewa tena, kisha ripoti ya mwisho, mbele ya wataalamu waliokabidhiwa jukumu hilo. Uwasilishaji na ulezi vimefungwa kamba moja, na sidhani vinapaswa kutenganishwa popote. Ulezi usio na jukwaa ni maongezi ya chai. Na ukimpeleka mtu jukwaani bila mlezi, utakuwa umemtosa majini kabla ya kumfundisha kuogelea.

Nchi hii pia haijakosa wanawake wa kutazamwa. Rose Ngugi aliongoza KIPPRA, taasisi ya serikali ya utafiti wa sera, ambayo ina mpango wa kufunza wataalamu vijana. Jane Mariara ameongoza mtandao wa Partnership for Economic Policy kutoka Nairobi. Dunia nzima, Nobel ya uchumi imetolewa tangu 1969 na wanawake walioipata ni watatu: Elinor Ostrom mwaka 2009, Duflo mwaka 2019 na Claudia Goldin mwaka 2023. Hata hivyo kuwa na wachache wa kuigwa kunaleta tatizo jingine. Kila chuo kikimtaka profesa yuleyule mmoja wa kike alee wasichana wote, aketi kwenye kila kamati na afungue kila kongamano, atachapisha lini yeye? Ulezi wa wasichana ni kazi ya maprofesa wanaume pia, na wengine wanaifanya vizuri sana.

Hapo nina jambo la kusema waziwazi. Neno "ulezi" limewahi kutumiwa kama shuka la kufunikia maovu. Mkubwa anamwita msichana ofisini jioni ili "waipitie kazi", na kazi haipitiwi. Msichana akikataa, tasnifu inalala kwenye droo mwaka mzima. Hii ni mojawapo ya sababu za kupendelea ulezi wa vikundi: walezi wawili, wanafunzi wanne au watano, chumba cha maktaba, saa nane mchana, mlango wazi. Chuo kikipanga hivyo tangu mwanzo, mwanamume mwema anakingwa dhidi ya maneno ya watu na msichana anakingwa dhidi ya mwanamume mbaya.

Nauli, viza na mtoto wa miezi saba

Kizuizi kinachoua ndoto nyingi hakina uhusiano na akili. Makongamano mengi husema yanagharamia washiriki, na husema kweli, ila kwa utaratibu wa kulipa kwanza urudishiwe baadaye. Mwandalizi huona ni utaratibu wa kawaida wa hesabu. Kwa mhadhiri wa muda ambaye mshahara wa miezi mitatu haujaingia, ni sawa na kuambiwa asije. Atakopa kwenye chama, au atauza kitu, au atanyamaza. Mwandalizi anayetaka kweli kumwona binti wa Bondo jukwaani amnunulie tiketi yeye mwenyewe na kulipa hoteli moja kwa moja. Gharama ni ileile.

Viza ni mlima mwingine. Kila Machi kuna kongamano kubwa la uchumi wa Afrika kule Oxford, na Mkenya hawezi kwenda Uingereza bila viza. Lazima aonyeshe benki ina nini, ana kazi gani, na nini kitamrudisha nyumbani. Mwanamke kijana, asiye na ajira ya kudumu, ndiye hasa ambaye makaratasi hayo humtilia shaka. Barua ya mwaliko inayofika wiki tatu kabla haimsaidii. Ifike miezi mitatu kabla, imtaje kwa jina, iseme nani analipa nini.

Halafu kuna mtoto. Miaka ya kwanza ya utafiti ndiyo miaka ya kuzaa, hakuna ujanja. Nimewahi kusimamia mazoezi ya uwasilishaji ambapo mwasilishaji alikuwa na mtoto wa miezi saba, na tulipangia slaidi zake kwenye ratiba ya kunyonya. Kongamano likitenga chumba kimoja na kukubali kulipia nauli ya yaya au ya mama mkwe, orodha ya wanaokuja inabadilika. Vikao muhimu vikifanywa saa nne asubuhi badala ya chakula cha usiku, inabadilika tena.

Mcheza kwao hutuzwa

Sijamaanisha kwamba safari ianzie Oxford. Mtu hujifunza kuulizwa maswali nyumbani kwanza. Kati ya Nakuru na Busia tuna Egerton pale Njoro, Maseno, Jaramogi Oginga Odinga pale Bondo, Masinde Muliro pale Kakamega na Kibabii pale Bungoma, na kutoka Kisumu vyuo vingi kati ya hivyo unafika kwa matatu, ukafanya shughuli na kurudi siku hiyohiyo. Hakuna kinachozuia semina ya mzunguko, chuo kimoja kila mwezi, makala mbili tu, msemaji mmoja kati ya wawili awe mwanamke chipukizi. Inahitaji projekta, chai, na mtu mmoja mkaidi wa kutuma ratiba.

Kitu kinachofanya semina ndogo kama hiyo iwe na faida ni kanuni zake. Dakika kumi za kwanza hakuna kumkatiza msemaji, isipokuwa kuuliza maana ya neno. Mwenyekiti anaandika majina ya wanaotaka kuuliza, na swali la kwanza anapewa mwanafunzi, kwa sababu mzee akitangulia kwa ukali, vijana wote hufunga madaftari. Mjadili anapewa makala wiki mbili kabla na anatakiwa kutaja kwanza kilicho imara, kisha kasoro tatu zinazorekebishika. Wiki moja baada ya kikao, mlezi na mwasilishaji wanakaa chini na orodha ya maswali yote na kuamua yapi ya kujibu ndani ya makala na yapi ya kuacha. Hatua hii ya mwisho ndiyo husahaulika, nayo ndiyo inayogeuza aibu ya siku moja kuwa makala iliyokomaa.

Miradi mikubwa ya utafiti nayo ina deni kwa vijana wanaoibebea madodoso. Mkataba unaweza kusema kwamba, data ikishasafishwa na majina ya wahojiwa kuondolewa, wakusanyaji data wenye shahada wana haki ya kupendekeza swali lao na kuliandikia makala yao. Haigharimu mradi kitu kikubwa.

Nitaeleza kwa nini nashikilia hilo. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa ameandika kuhusu mikopo ya wauza omena kule Dunga, ufuoni mwa ziwa hapa Kisumu. Dodoso lilionyesha kwamba wanawake wengi walijibu hawana deni lolote. Alipowasilisha kwenye kikao cha nje ya Kisumu, profesa mgeni aliinua mkono na kusema, bila upole, kwamba matokeo hayaaminiki: wachuuzi wasio na mtaji hawawezi kukosa deni, kwa hiyo ama sampuli ni mbovu au wahojiwa wamedanganya. Nilikuwa nimekaa nyuma, na nilitamani kujibu kwa niaba yake. Tulikuwa tumekubaliana wakati wa mazoezi kwamba sitafanya hivyo.

Akanywa maji. Akasema, "Asante, Prof. Nilikwenda mwenyewe kuwauliza. Kwa Kijaluo deni ni *gowi*, na *gowi* ni aibu, ni pesa unayodaiwa mpaka unakwepa njia. Lakini mama akichukua debe tatu za omena asubuhi kwa mali kauli, auze, na jioni alipe, hilo haliiti *gowi*. Analiita biashara. Niliporudi na swali jipya, 'Leo umechukua nini ambacho hujakilipia?', karibu wote walikuwa na jibu. Jedwali liko kwenye slaidi ya kumi na moja, kama mwenyekiti ataniruhusu."

Mwenyekiti alimruhusu. Profesa alivaa miwani, akasogea mbele kwenye kiti, na akaomba arudie namba za safu ya mwisho ili aziandike.